Shoti kwanza, nadharia baadaye: kusoma historia na nadharia ya filamu ukiwa Mombasa

Mwanafunzi aliyemaliza sekondari na alama nzuri ya fasihi huingia darasa la filamu na mazoea ya vitabu teule: hutafuta maudhui, huorodhesha wahusika na sifa zao, kisha humalizia na mbinu. Insha yake ya kwanza husema filamu "inazungumzia umaskini na ufisadi", ikaeleza mhusika mkuu ni nani na yalimpata yapi. Hurudi kutoka kwa mhadhiri na swali moja ukingoni: kamera ilikuwa wapi? Mwanafunzi haoni kosa, kwa sababu kila alichoandika ni kweli. Lakini mtu aliyesimuliwa filamu hiyo barazani, bila kuiona, angeweza kuandika yayo hayo.

Hapo ndipo kozi hii inapowakwamisha wengi, wala si kwenye majina magumu ya Wafaransa. Anayejizoeza kuiona shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, kabla ya kufungua kitabu cha nadharia hupata la kusema. Anayeanza na nadharia huishia kuzibandikia filamu majina.

Saa, bando na nakala iliyo sawa

Chukua silabasi siku ya kwanza na upige hesabu. Muhula wa wiki 14, filamu moja kila wiki, kila filamu saa moja na dakika 45, na kila moja itazamwe mara mbili: hizo ni saa 49 za kutazama tu, kabla hujasoma ukurasa. Ukizigawa, ni saa tatu na nusu kwa wiki. Zitengee siku maalumu, la sivyo utajikuta wiki ya 12 na filamu tisa hujaziona, na filamu haisomwi kwa kurukaruka kama unavyoweza kuparaza sura ya kitabu.

Kutazama mtandaoni kwa ubora wa 480 hula takriban megabaiti 500 hadi gigabaiti moja kwa saa. Mkiwa watatu au wanne wa darasa moja, tumieni waifai ya chuo kutazama pamoja mara ya kwanza, kisha kila mtu arudie peke yake zile dakika chache anazozihitaji. Filamu ambazo maktaba ya chuo inazo kwenye diski, anza nazo. Stima ikipotea katikati ya filamu, usiendelee ulipoachia siku ya pili, anza upya. Utazamaji wa kwanza hauna maana ukikatwa vipande.

Vifaa ni vichache: kompyuta yoyote yenye programu ya VLC, vipokea sauti vya masikioni, daftari na kalamu ya risasi. Simu yafaa kwa kurudia kipande, haifai kwa mara ya kwanza, kwa sababu nusu ya yaliyomo kwenye fremu hupotea kwenye kioo cha inchi sita na karibu sauti zote za chini hupotea kwenye spika yake.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni nakala. Filamu za zamani zimejaa mtandaoni, na nyingi kati ya hizo ni mbovu kwa namna ambazo mwanafunzi huzidhania kuwa ni sanaa. Kabla ya kutazama kagua mambo matatu.

La kwanza, urefu. Linganisha dakika za nakala yako na zile za silabasi. Metropolis ya Fritz Lang, ya mwaka 1927, ilizunguka miongo mingi ikiwa imekatwa, hadi nakala ndefu zaidi ilipopatikana Buenos Aires mwaka 2008 na toleo lililorejeshwa likatoka 2010. Watu wawili wanaobishana juu ya filamu hiyo yawezekana hawakutazama filamu moja.

La pili, umbo la fremu. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zina fremu iliyokaribia mraba, sehemu nne kwa tatu. Ukiona nyuso zimetanuka na magurudumu yamekuwa mayai, picha imevutwa ijaze skrini pana. Rekebisha kwenye mipangilio ya programu, au tafuta nakala nyingine, maana lolote utakaloandika juu ya mpangilio wa fremu hiyo litakuwa batili.

La tatu, kasi. Filamu nyingi zisizo na sauti zilipigwa kwa fremu (picha moja moja tuli) 16 hadi 20 hivi kwa sekunde. Zikichezeshwa kwa fremu 24, watu hutembea kama wanaokimbizwa. Kila mwaka kuna insha inayosema mwongozaji "aliharakisha mwendo ili kuchekesha", kumbe ni kosa la aliyepakia nakala. Muziki nao ni hivyo hivyo: kwenye filamu isiyo na sauti, muziki unaousikia huenda uliwekwa na mtu mwingine miaka 80 baadaye. Usiuchambue mpaka ujue ni wa nani.

Kutazama mara mbili, kwa njia mbili

Mara ya kwanza tazama bila kusimamisha, bila kuandika, taa zikiwa zimezimwa. Inapokwisha, usifungue simu. Chukua dakika kumi uandike kutoka kichwani: picha tatu zilizokukaa, sauti moja, na kitu kimoja ambacho hukukielewa. Hiki cha mwisho ndicho chenye thamani kubwa. Pale ulipochanganyikiwa mara nyingi ndipo filamu ilipofanya jambo usilolizoea, na insha nzuri huanzia hapo.

Mara ya pili huitazami yote kwa uzito mmoja. Iache iende, ukifika kwenye zile picha tatu simamisha, andika dakika na sekunde. Kisha chagua kipande kimoja cha dakika tatu hadi tano ambacho kinaanza na kwisha mahali panapoeleweka, na ukifanyie jedwali.

Jedwali la shoti

Shoti ni picha inayoendelea tangu mkato mmoja, yaani pale picha moja inapoachia nyingine, hadi mkato mwingine. Si tukio. Tukio moja la watu wawili wakizungumza mezani laweza kuwa na shoti 30. Wala kamera ikigeuka au ikisogea si shoti mpya. Hesabu mpya huanza pale tu picha inapokatwa au kuyeyukia nyingine. Makosa haya mawili yanaharibu majedwali mengi kuliko mengine yote.

Chora safu saba: nambari ya shoti, dakika na sekunde inapoanza, urefu wake kwa sekunde, ukubwa (ya mbali, ya kati, ya karibu), kamera inafanya nini na iko juu, chini au usawa wa macho, nini kinasikika, na mwisho, nini kimebadilika kutoka shoti iliyotangulia. Safu ya hadithi haimo, na usiiongeze. Ukihisi mkono unataka kuandika "Juma anamkasirikia babake", andika badala yake kile kilichokufanya ujue amekasirika: amegeuza mgongo, uso umeingia kivulini, sauti ya mtaani imezimika ghafla.

Kwenye VLC, herufi E inasogeza picha fremu moja moja. Hivyo ndivyo unavyoupata mkato wenyewe bila kubahatisha. Mabano ya mraba hupunguza na kuongeza kasi. Kwenye YouTube, ukiwa umesimamisha, alama ya koma (,) na ya nukta (.) husogeza fremu moja nyuma na moja mbele. Pitia kipande mara tatu: mara moja kwa mikato na muda, mara moja kwa picha sauti ikiwa imezimwa, na mara moja kwa sauti macho yakiwa yamefungwa. Ya mwisho huonekana ya kitoto, na ndiyo inayoleta mengi. Macho yana tabia ya kuyafunika masikio; ukiyafumba, utasikia muziki ulianza sekunde sita kabla ya mhusika kuingia, au kwamba adhana ya mbali ilikuwepo wakati wote.

Dakika tano huchukua saa mbili hadi tatu za kazi. Ukimaliza kwa nusu saa, umeruka shoti.

Sasa gawanya sekunde zote kwa idadi ya shoti. Kipande cha sekunde 300 chenye shoti 60 kina wastani wa sekunde tano kwa shoti. Wastani peke yake si hoja. Tafuta shoti iliyouvunja: kama zote ni za sekunde nne au tano halafu moja inadumu sekunde 28, mwongozaji amekushika mkono na kukuambia tazama hapa. Iandikie aya nzima.

Historia: shika sababu, tarehe zitafuata

Kukariri miaka ni rahisi na hakukufikishi mbali. Kinachotakiwa ni kueleza kwa nini filamu zilibadilika zilipobadilika, na karibu kila badiliko kubwa lina mizizi katika kitu kimoja kati ya vitatu: chombo, fedha au amri ya serikali. Kila unapoandika mwaka kwenye daftari, andika kando yake kimojawapo.

Mwaka 1927 filamu ya The Jazz Singer ilileta nyimbo na maneno yaliyofungamanishwa na picha. Chombo kipya, lakini maikrofoni ilisikia pia mngurumo wa kamera, kwa hiyo kamera ikafungiwa kibandani na filamu nyingi za miaka ile zikawa nzito, watu wamesimama karibu na maikrofoni iliyofichwa. Mwaka 1953 CinemaScope ilipanua skrini. Nyuma yake kulikuwa na fedha, maana televisheni ilikuwa inawazuia watu nyumbani Marekani na studio zilitaka kuwapa kitu ambacho sebule haikuwa nacho. Mwaka 1934 Ufaransa ilitoa amri, inayojulikana kwa jina la waziri Laval, iliyoweka upigaji wa filamu katika makoloni yake ya Afrika chini ya kibali cha serikali. Ukiijua amri hiyo huulizi tena kwa nini Ousmane Sembène wa Senegal alitoa Borom Sarret mwaka 1963 na si 1943. Na ukijua kwamba alijifunza kazi Moscow, utaitazama mikato yake kwa jicho jingine.

Borom Sarret, kwa njia, ndiyo filamu tunayopendekeza mwanafunzi wa hapa aanze nayo. Ina dakika 20 hivi, mtu mmoja na mkokoteni wake Dakar, na ina kila kitu: sauti iliyowekwa baadaye, muziki unaobadilika mkokoteni unapoingia Plateau, mtaa wa wakubwa, na kiatu cha polisi kikikanyaga nishani. Unaweza kuifanyia jedwali lote kwa wiki moja.

Jihadhari na hadithi tamu. Maarufu kuliko zote ni ile ya watazamaji wa kwanza kukimbia ukumbini Paris waliposhtushwa na garimoshi la ndugu Lumière. Onyesho lao la kwanza la kulipia lilifanyika kweli tarehe 28 Desemba 1895, Grand Café, kwa filamu zisizofika dakika moja kila moja. Ila filamu ya garimoshi haikuwemo kwenye orodha ya siku ile, na ushahidi wa watu kukimbia ni hafifu mno. Ukiiandika kama tukio la kweli, mhadhiri atajua papo hapo kwamba hukusoma. Ukiuliza kwa nini watu wameipenda hadithi hiyo zaidi ya miaka mia moja, umeanza kufanya nadharia.

Nadharia: tafuta mwandishi anabishana na nani

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili anazo tayari istilahi nyingi: umaumbo, uhalisia, ufeministi, semiotiki. Mtego ni kudhani zinafanya kazi ile ile. Kwenye riwaya, uhalisia ni suala la maisha yanayosimuliwa. Kwenye filamu kuna kitu cha ziada: kamera imenasa mwanga uliotoka kwa mtu halisi aliyesimama mahali halisi. André Bazin, Mfaransa aliyefariki 1958, alijenga mawazo yake juu ya jambo hilo. Ndiyo maana aliipenda shoti ndefu na kina cha picha, ambamo vya mbele na vya nyuma vyote vinaonekana wazi na mtazamaji anachagua mwenyewe pa kutazama. Na ndiyo maana Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli) ya Mwitaliano De Sica, ya 1948, ambayo baba anachezwa na mfanyakazi wa kiwanda asiyekuwa mwigizaji, ilimgusa sana.

Aliyekuwa akibishana naye, bila kukutana naye, ni Sergei Eisenstein na wenzake wa Kisovieti, walioamini maana huzaliwa katika mgongano wa shoti mbili. Soma mmoja bila mwingine na wote wawili wataonekana wanasema mambo ya kawaida. Makala ya nadharia karibu daima ni jibu. François Truffaut mwaka 1954 alikuwa akiwajibu wakubwa wa filamu za Ufaransa waliotegemea riwaya zilizopambwa. Fernando Solanas na Octavio Getino wa Argentina, mwaka 1969, walikuwa wakiijibu Hollywood na pia sinema ya msanii binafsi wa Ulaya; ndiyo sababu walihesabu hadi tatu na kuiita yao "Sinema ya Tatu". Laura Mulvey mwaka 1975 aliijibu raha yenyewe ya kutazama, na bell hooks, mwandishi mweusi wa Marekani, mwaka 1992 akamjibu Mulvey na wenzake: mwanamke mweusi anapotazama filamu za Hollywood, hamo katika hesabu yenu.

Soma kila makala mara tatu. Mara ya kwanza haraka, ukitafuta jambo moja tu, mwandishi anampinga nani. Mara ya pili taratibu, ukiandika kila kurasa mbili sentensi moja ya Kiswahili chako mwenyewe. Makala ya Mulvey ina kurasa 13, kwa hiyo utabaki na sentensi saba hivi. Kama sentensi haiji, hujaelewa kurasa hizo. Usiinakili ya mwandishi ili kujaza pengo. Mara ya tatu soma mifano yake tu, kisha katazame filamu anayoitaja.

Mulvey ndiye anayetumiwa vibaya kuliko wote. Wanafunzi humfupisha kuwa "wanawake wanadhalilishwa kwenye filamu", na hapo hakuna haja ya kumsoma. Hoja yake ni ya kiufundi zaidi. Anatenganisha macho matatu: la kamera inayorekodi, la mtazamaji, na la wahusika wanaotazamana, kisha anaonyesha jinsi filamu za Hollywood zinavyoyaficha mawili ya kwanza ndani ya la tatu. Ukimtumia, rudi kwenye jedwali lako na uongeze safu ya nane: katika shoti hii, nani anamtazama nani, na kamera imekaa mahali pa nani?

Jaribio la kufanya kwa mikono

Kuna wazo moja ambalo halieleweki kwa kusoma. Lev Kuleshov, Mrusi, aliunganisha uso ule ule usioonyesha kitu wa mwigizaji Mozzhukhin na picha tofauti, sahani ya supu, maiti kwenye jeneza, na watazamaji wakaona njaa, kisha huzuni. Filamu yenyewe haipo tena na wasimulizi wanatofautiana kuhusu picha ya tatu. Basi lirudie mwenyewe. Linataka simu, rafiki na jioni moja.

Piga uso wa rafiki yako kwa sekunde nane, kivulini, kamera ikiwa juu ya kitu kisichotikisika. Mwambie ahesabu kimoyomoyo kurudi nyuma kutoka 50. Hapo uso hutulia wenyewe. Piga vitu vitatu kwa mwanga unaofanana: sahani ya biriani inayotoa mvuke, viatu vidogo vya mtoto mlangoni, feri ikiondoka Likoni. Tengeneza vipande vitatu: uso sekunde nne, kitu sekunde tatu, uso sekunde nne, na uso uwe ule ule kila mara. Kila kipande kionyeshe kwa watu watano ambao hawajaona vingine. Uliza swali moja: "Anawaza nini huyu?"

Linalokwenda mrama ni hili. Ukiwaonyesha watu hao hao vipande vyote, wataugundua mchezo. Ukiuliza "ana njaa?", umewapa jibu. Rafiki akitabasamu kidogo, tabasamu ndilo litakalosomwa. Na ukitumia picha tofauti za uso kwa kila kipande, huna jaribio. Baadhi ya majibu yatakushangaza, hasa ya feri. Yaandike yote, pamoja na yale ya "hawazi kitu", kwa sababu jaribio lisilofaulu kikamilifu ni hoja bora kuliko lililofaulu kimiujiza.

Pwani kama maktaba

Hapa ndipo mwanafunzi wa Mombasa ana mali ambayo vitabu vya kozi havina, na ndipo tunapomsihi atumie nguvu zake.

Miaka ya 1935 hadi 1937, huko Vugiri, Tanganyika, uliendeshwa mradi wa Waingereza ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walipiga filamu za mafunzo za milimita 16 na sauti yake ikawekwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Baadaye, kuanzia 1939, kikaja kitengo cha filamu cha makoloni, na kiongozi wake William Sellers akaeneza imani kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata mikato ya haraka wala mbinu za kamera, kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole, rahisi, kitu kimoja kwa wakati. Hiyo ni nadharia ya mtazamaji, tena iliyolipiwa na serikali.

Sasa iweke kando ya yaliyokuwa yakitokea kwenye kumbi za mji huu. Watu wa Mji wa Kale, Majengo na Bondeni walikwenda "picha" na kukaa saa tatu mbele ya filamu ya Kihindi, mara nyingi bila maandishi ya tafsiri, wakatoka wakiimba. Nyimbo hizo ziliingia kwenye taarabu; wengi wanaojua sauti ya Juma Bhalo wanajua lahani zake kadhaa zilikotoka. Mtazamaji aliyesemwa kuwa hawezi kufuata mkato alikuwa anafuata familia tatu, ndoto ndani ya kumbukumbu, na mahali panapobadilika mara sita katika wimbo mmoja. Kuitoa nadharia mahali ilipokaa kwa utulivu na kuiweka mbele ya ushahidi: hiyo ndiyo kazi unayofundishwa.

Nadharia za miaka ya 1970 nazo zilimwaza mtazamaji aliyekaa kimya gizani, bila kusogea. Mweke mtazamaji huyo ndani ya kibanda cha video, DJ Afro akisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake ya asili, watu wakimjibu na kumshauri stelingi. Nani anaongoza maana pale? Swali hilo latosha mradi wa muhula mzima.

Ukiamua kukusanya kumbukumbu za wazee, jiandae. Nenda baada ya alasiri, salimia ipasavyo, eleza unasoma wapi na rekodi itatumika kwa nini, na usiwashe simu kurekodi kabla ya kuruhusiwa. Usianze na "ulipenda filamu gani?", utapata orodha ya majina. Uliza ya mwilini: Ulikaa wapi, chini au juu? Tikiti shilingi ngapi? Ulikwenda na nani, na nani alikuruhusu? Kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao, siku gani? Asiyejua Kihindi alielewaje, kulikuwa na aliyetafsiri? Baada ya kutoka, mlizungumza wapi?

Miaka ndiyo itakayokusumbua. Mtu hakumbuki 1974, anakumbuka alikuwa hajaolewa. Tumia vigingi vya mji: kabla au baada ya Uhuru, yaani Desemba 1963, kabla au baada ya kufa Mzee Kenyatta, 1978, wakati wa daraja la zamani la Nyali lililoelea au baada ya lile jipya la 1980. Kisha linganisha na matangazo ya sinema kwenye magazeti ya wakati huo, ambayo hutaja ukumbi, filamu na saa; kwa hayo anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Gazeti na mzee wakipingana juu ya tarehe, gazeti huwa sahihi. Wakipingana juu ya jinsi watu walivyohisi, mwamini mzee.

Dakika 45 za mazungumzo zatosha. Ziandike neno kwa neno siku iyo hiyo, kwa Kiswahili chake, Kimvita kikibaki Kimvita. Usimsahihishe.

Insha

Kwa insha ya maneno 2,000, kipimo kinachofanya kazi ni filamu moja, kipande kimoja, shoti tatu hadi tano zilizoelezwa kwa undani, na mwananadharia mmoja au wawili. Ukiwa na wananadharia watano, hakuna hata mmoja utakayemtendea haki.

Sentensi ya hoja sharti iwe inayoweza kupingwa. "Borom Sarret inaonyesha ugumu wa maisha" haipingiki, kwa hiyo haisemi kitu. "Muziki unaobadilika mkokoteni unapoingia mtaa wa Plateau unamjulisha mtazamaji mpaka ambao mhusika anauvuka" inaweza kukaguliwa shoti kwa shoti, na mtu anaweza kukataa. Hiyo andika.

Hadithi ya filamu isizidi maneno 100. Kila shoti unayoitaja iwe na muda wake kwenye mabano, kwa saa, dakika na sekunde, mfano (00:12:40), na taja mwanzoni ni toleo gani ulilotumia. Eleza shoti kwanza, kisha useme inafanya nini, kisha ndipo umlete mwananadharia. Ukimtanguliza, jicho lako litaona alichokuahidi tu. Na pale filamu inapokataa kumtii, usikifiche kipande hicho. Kipe aya yake.

Mtihani wa kipande usichokijua

Walimu wengi huonyesha kipande cha dakika mbili au tatu na kuuliza kinatoka wapi na kinafanya nini. Kikionyeshwa mara mbili, mara ya kwanza usiandike jina lolote. Gawanya karatasi safu mbili, picha na sauti, na uandike maneno moja moja: karibu, mbali, kivuli, mikato mingi, kimya. Mara ya pili tafuta mkato mmoja uliokushtua na shoti moja ndefu kuliko zote. Kisha tumia dalili za nje kukadiria wakati: umbo la fremu, rangi, maneno yakiwa yamefungamana na midomo au yamewekwa baadaye, kamera ikiwa begani au kwenye reli. Kama hujui filamu, sema ni ya takriban miaka gani na kwa dalili zipi. Jibu la "yaelekea ni Italia baada ya vita, kwa sababu imepigwa mtaani kwa mwanga wa mchana na shoti ni ndefu" hupata alama hata kama filamu ni ya nchi jirani. Jina sahihi lisilo na sababu hupata alama moja.